Kifua Changu na Mtoto wa Zulfa

Kama umerudi nyumbani na vidonge ndani ya mkoba, na bado hujamwambia mtu yeyote, keti nikusimulie. Sikuandikii kama daktari. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, niliugua TB, nimemaliza dawa zangu, napumua. Nilipokuwa nimekaa hapo ulipokaa wewe, sikupata mtu wa kuniambia siku zitakavyokwenda.

Kwanza unijue, maana ugonjwa huu humsahaulisha mtu alikuwa nani. Naitwa Advera, mzaliwa wa Kamuli, wilaya ya Kyerwa, mtoto wa wakulima wa migomba na kahawa. Nilivuka mpaka wa Murongo kwenda Kampala nikiwa na begi moja la nguo, kulea watoto wa mhandisi mmoja. Wengi waliokwenda kulea watoto wa watu walirudi vilevile walivyokwenda. Mimi nilisoma jioni, nikajilipia ada kwa mshahara wa kubadilisha nepi, nikapata diploma ya malezi na elimu ya awali. Hakuna mjomba aliyenichangia, hakuna mwanamume aliyenilipia. Niliporudi na kufungua shule yangu ya watoto pale Nkwenda, hapakuwa na mwingine sokoni hapo mwenye diploma kama ile, na niliitundika ukutani mahali ambapo mzazi angeiona kabla hajavua viatu.

Kampala nilitoka na kitu kingine pia. Mtoto mkubwa wa yule mhandisi alikuwa na skeitibodi, ule ubao mfupi wenye magurudumu manne ambao mtu husimama juu yake akasukuma kwa mguu mmoja. Nilianza kwa kumshika mkono asianguke. Baada ya muda yeye ndiye alikuwa ananishika mimi, na baada ya muda mwingine akawa ananikimbiza hanipati. Nilirudi na wangu. Barabara zetu za vumbi hazifai kwa mchezo huo, lakini chama cha msingi cha wakulima kina uwanja wa saruji wa kuanikia kahawa, laini kama meza, na nje ya msimu hauna kazi. Asubuhi, watoto wakiwa hawajaletwa, nilizunguka pale na redio ndogo kiunoni. Wanunuzi wa mazao walisimamisha magari kunitazama. Wazee waliuliza kama nimeolewa, wakaambiwa bado.

"Ndiyo maana," wakasema.

Nilicheka, nikaongeza mwendo. Hakuna mwanamume wa Kyerwa aliyejaribu kusimama juu ya ubao ule akabaki amesimama.

Na nilikuwa naimba. Kwenye kwaya ya kigango chetu nilikuwa sauti ya kwanza, tena ile ambayo mwalimu wa kwaya huitazama wengine wakipotea. Watoto wangu walinawa kwa wimbo, walikula kwa wimbo, walilala kwa wimbo, na nyimbo zote nilizitunga mwenyewe.

Mzazi wa kwanza kuniamini alikuwa Zulfa, mwenye duka la vyombo na kanga karibu na stendi. Babu yake alitoka Pangani akifuata biashara ya kahawa, na ukoo wao haukurudi tena pwani. Zulfa alinipa mwanawe Shamim akiwa bado hajaanza kusimama. Nilimbeba mgongoni huku nikiwafundisha wengine kuhesabu, na alipojua kusema aliniita Mama Ubao. Niliogopa Zulfa ataona wivu.

"Mwache akuite, shoga," alisema. "Siku akinishinda tabia nitamleta alale hukohuko."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Umeshanijua.

Kikohozi kilianza mvua za masika zikikaribia kwisha. Sokoni watu wengi walikuwa wanakohoa, nami nikawa mmoja wao. Nilinunua dawa ya maji dukani, ikaisha, nikanunua nyingine. Sketi zikaanza kunizunguka kiunoni. Nikawa naamka shuka limelowa jasho, na Nkwenda kwetu si mji wa joto. Kisha sauti. Ilikwaruza, ikashuka, nikahama sauti ya kwanza nikaenda ya pili, nikawaambia wanakwaya kwamba nataka wengine nao wajifunze. Asubuhi moja nilifungua mdomo kuwaimbia watoto wimbo wa kunawa mikono, ikatoka hewa tupu. Watoto walidhani ni mchezo mpya. Wakaanza nao kuimba bila sauti, midomo inafunguka na kufungika, mikono inacheza na maji, nyumba kimya kabisa. Nilicheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka nikashika ukuta. Shamim akaja kunipigapiga mgongoni kama nilivyozoea kumfanyia yeye akipaliwa.

Jumapili yake nilikwenda kwa mama, Kamuli. Hakuniuliza hali.

"Fungua mdomo," alisema, akanigeuza nitazame mwanga wa mlangoni. "Hicho ni kilimi."

Kilimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa ya kaakaa. Kwetu, na si kwetu peke yetu, mtu akikohoa muda mrefu husemwa kilimi kimeshuka kinagusa koo, na dawa yake ni kukikata. Kila upande una mzee wake wa kukata.

"Mama, mimi nina diploma."

"Diploma inakohoa? Deus alikatwa, si huyo hapo mzima?"

Deus ni mdogo wangu, mwendesha bodaboda. Alikuwa anakula ndizi na maharage, hakuinua kichwa. "Mimi nilikuwa na mafua tu, nikakatwa, nikaacha kuimba kanisani. Mkateni na dada, tupumzike."

Nilikataa, na sikukataa kwa upole. Nilirudi Nkwenda na kikohozi changu.

Msimu wa kahawa ulikuwa umeanza na uwanja ulikuwa umeanikwa kahawa karibu wote, imebaki kona moja. Nilipanda ubao kwenye kona hiyo. Kuanguka nimezoea, magoti yangu yana makovu ninayoweza kuyasimulia moja moja. Siku ile sikuanguka. Nilisukuma mara chache, pumzi ikaisha, nikaketi chini kwenye saruji kama mtu aliyechoka kusubiri gari. Wanawake waliokuwa wanageuza kahawa kwa reki waligeuza nyuso pembeni. Mmoja akauchukua ubao wangu taratibu kwa mikono miwili, akauweka kivulini, kama wanavyohifadhi kitu cha marehemu. Nilipoona mikono ile nilijua nitakwenda hospitali kesho yake.

Hospitalini wanaokohoa wana benchi lao, nje, upande wa nyuma, chini ya bati. Utalifahamu. Mtu akipita anavuta pumzi kabla hajafika na kuitoa akishapita. Kwenye benchi lenyewe kila mmoja anaacha nafasi, kana kwamba wa pembeni yake ndiye mgonjwa na yeye kasindikiza. Nilitoa makohozi kwenye kikopo, nikapewa barakoa, nikaambiwa nisubiri. Mama mmoja mzee wa Kinyambo, mwembamba kuliko mimi, alifungua jani la mgomba alilolifunga kwenye pindo la kitenge. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo mgeni akifika nyumbani kwetu hupewa kabla ya jambo lolote. Alinyoosha kiganja.

"Twaa, mwanangu."

Nilikuwa nimeshazoea watu kuvuta mikono. Nilichukua punje mbili, nikashusha barakoa, nikatafuna. Ilikuwa chungu na tamu vilevile. Sikumwona tena yule mama, wala sijui alikuwa anaitwa nani.

Muuguzi wa kitengo cha TB tulimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa. Aliniambia jibu bila kuzunguka: TB ya mapafu, imefika na kwenye koo. Inatibika. Miezi sita. Nilikuwa nimejiandaa kulia, lakini swali lake lililofuata lilinikausha.

"Unafanya kazi gani?"

"Nina shule ya watoto wadogo."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Wadogo kiasi gani?"

"Wengine wanabebwa."

"Basi dawa zako zinaanza leo, na wao waje haraka. Walio chini ya miaka mitano wote wapimwe. Aliye mzima atapewa dawa ya kumkinga. Nani alikupa wewe hatutajua, usipoteze muda kutafuta. Ila wale unajua walipo."

"Nitawaambiaje wazazi?"

"Kwa mdomo huohuo. Ukishindwa nitakwenda mimi."

Nilisema nitakwenda mwenyewe. Nimejenga jina langu Nkwenda kwa miguu yangu, sikutaka mtu mwingine atumwe kulibomoa. Nilizunguka nyumba kwa nyumba na barakoa usoni, nikisimama uani, mbali na mlango. Nilinong'ona, kwa hiyo ilibidi wasogee kunisikia, na wakishasikia walirudi nyuma. Baba mmoja aliniombea palepale. Mama mmoja aliingia ndani, akafunga mlango, na kesho yake nikamwona hospitalini na wanawe. Karibu wote walikwenda. Nawashukuru mpaka leo, hata wale walionisema.

Kwa Zulfa nilikwenda mwisho kwa sababu ndiye niliyemhitaji zaidi.

"Mbona umesimama juani, shoga?" Alikuwa anakunja kanga juu ya meza ya duka.

"Nina TB, Mama Shamim."

Aliendelea kukunja. Pindo kwa pindo, akalainisha kwa kiganja. "Ile TB yenyewe?"

"Ndiyo. Shamim anatakiwa apelekwe hospitali."

"Mwanangu haumwi."

"Ndiyo maana apewe dawa, asije akaumwa."

"Nimpe mtoto mzima dawa za mgonjwa? Halafu nipange foleni pale nyuma ya hospitali, Nkwenda nzima inanitazama?" Sasa aliacha kukunja. "Mimi nauza vikombe, Advera. Nani atanunua kikombe kwangu?"

Tangu tufahamiane hakuwahi kuniita kwa jina langu. Nilitaka kumwambia kuwa vikombe si njia ya ugonjwa huu, lakini kikohozi kilinishika, na nilipomaliza kukohoa alikuwa ameshavuta pazia la duka. Siku chache baadaye nilisikia Shamim amepelekwa Murongo kwa bibi yake, mama mzazi wa Zulfa, akabadilishe hewa.

Nilifunga shule nikarudi Kamuli. Mama ndiye aliyekuwa msimamizi wa dawa zangu. Kila asubuhi alikaa mbele yangu, mikono mapajani, akitazama koo langu mpaka kidonge cha mwisho kishuke. Alikifunga kikombe changu uzi mwekundu kwenye mshikio, akanipa sahani yangu na kijiko changu. Mke wa Deus aliwahamishia watoto wake kwao. Nilipewa chumba cha mwisho, na madirisha yakafungwa kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Sista alipokuja kututembelea alikiona kikombe kwanza, kisha madirisha.

"Kikombe hakina kosa, mama," alisema. "Fungueni madirisha."

"Baridi itamuua."

"Sijawahi kuikuta baridi kwenye makohozi ya mtu. Fungueni."

Mama alifungua, lakini uzi hakuufungua.

Mwezi wa kwanza ni mgumu, nisikufiche. Haja ndogo itakuwa na rangi kama maji ya matofali, usiogope. Tumbo litakataa chakula. Viungo viliniuma, hasa magoti, nikawa natembea kama bibi, mimi niliyezoea kuruka na ubao. Nilijipima mkono kwa vidole nikakuta vinakutana na kupitana. Nywele nilizinyoa mwenyewe. Kioo nilikigeuza ukutani, kisha nikakigeuza tena, kwa sababu nilitaka kuona siku nitakayoanza kurudi. Redio nilisikiliza bila kuimba. Kula hata usipotaka, kidogo kidogo, ndizi laini, uji, supu. Kunywa dawa hata siku unayojiona umepona.

Kulikuwa na mambo madogo yaliyonibeba. Asubuhi moja niliacha chai yangu nusu, nikatoka nje kutapika. Niliporudi nilimkuta mama amekaa palepale, anamalizia chai ile kwenye kikombe chenye uzi. Alikisuuza, akakirudisha kwenye rafu pamoja na vya wote.

Lakini mawazo yangu yalikuwa Murongo. Deus alipeleka abiria huko kila siku, na nilimwomba apite mbele ya nyumba ya bibi yake Shamim, atazame tu. Mara za kwanza alisema mtoto anacheza. Zulfa nilimpigia simu, hakupokea. Nilimtumia ujumbe mfupi, nikamtumia mwingine. Sista naye aliniambia amefika dukani kwake, akaambiwa mtoto amesafiri.

Kisha Deus akarudi mapema, akakaa kwenye kizingiti bila kuvua kofia ya pikipiki.

"Anakohoa, dada."

"Tangu lini?"

"Sijui. Wamesema ni kilimi. Amekatwa jana. Leo nimemkuta anatema damu kwenye beseni."

Sista alikuwa ameshaniambia kwamba kwa dawa nilizokwisha kumeza siwezi tena kumwambukiza mtu. Hata hivyo mama alisimama mlangoni. Alisema nitakufa njiani, kwamba pikipiki itanitikisa kifua. Nilipita chini ya mkono wake. Uzito wangu ulikuwa umebaki wa mtoto wa shule, haikuwa kazi.

Njia ile naifahamu tangu siku niliyoondoka kwenda kuwa mtu. Sikuiona. Nilishika koti la Deus nikiwa nimefumba macho. Nyumba ya bibi iko upande wa juu wa barabara ya malori yanayosubiri forodha, ina baraza la saruji na jiko la mkaa pembeni. Nilipiga magoti, kama tunavyowasalimu wazee kwetu.

"Shikamoo, bibi."

"Nani ananong'ona mlangoni kwangu?"

"Ni mimi, mwalimu wa Shamim."

"Mwalimu wa kikohozi." Alitoka, mrefu, mikono imefungwa kifuani. "Umekuja kumalizia?"

Nyuma yake, kwenye mkeka, alikuwa amelala Shamim. Kidevu kilikuwa na damu iliyokauka na midomo imepauka. Aliniona. "Mama Ubao," alisema, na neno likapita puani, si kwa sauti niliyoizoea. Akanyoosha mikono. Bibi akamrudisha kwa mguu wake, taratibu, kama unavyomzuia kuku asiingie ndani.

"Bibi, nichukie mimi," nilisema. "Nichukie mpaka mwisho. Lakini damu hiyo haisimami, na kikohozi chake si kilimi. Mpelekeni hospitali leo."

"Sema kwa sauti, sikusikii."

"Sina sauti, bibi."

"Aliyemkata ndiye aliyewakata wanangu wote. Wote wazima."

"Tazama beseni."

Hakulitazama. Shamim akakohoa, akameza, akakohoa tena, na safari hii ikatoka mpaka kwenye mkeka. Bibi alisimama vilevile mikono kifuani, ila niliona vidole vyake vimeshika nguo kwa nguvu.

Deus alikuwa bado juu ya pikipiki. "Bibi," aliita, kwa sauti yake ya kuitia abiria, "mimi chombo changu kina mafuta na kiti kisafi. Usipopanda, nitashuka nikae hapa mpaka unipe chakula cha mchana, na mimi hula sana. Muulize mama yangu."

Bibi alimtazama. Nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kumkubalia asiwe mimi. Aliingia ndani, akatoka amejitanda, amemfunga mtoto kwa kanga mbili.

"Huyu asimguse," alisema. "Na asipande."

"Hapandi," alisema Deus.

Wakaondoka. Nilibaki kwenye baraza la mwanamke asiyenitaka, kwa sababu sikuwa na usafiri wala nguvu ya kutembea. Ulishasubiri kwenye benchi la hospitali. Kusubiri huku ni kugumu zaidi, kwa sababu hakuna dirisha litakaloita jina lako. Malori yalisogea kidogo kidogo kuelekea darajani. Wanawake walipita na mikungu ya ndizi kichwani. Jirani mmoja alichungulia akauliza mimi ni nani wa hapo, nikasema ni mgeni. Bibi aliacha sufuria la maharage jikoni. Nilijiapia sitagusa kitu chochote cha nyumba ile. Maharage yakaanza kunukia kuungua, nikavumilia, yakazidi, nikainuka nikaongeza maji, nikakoroga, nikarudi mahali pangu. Niliambiwa baadaye kwamba aliporudi aliyamwaga yote, na sufuria akalitupa.

Jua lilikuwa linaelekea upande wa pili wa mto wa mpakani Deus aliporudi, peke yake.

"Wamemwekea dripu. Damu imesimama." Akazima pikipiki. "Zulfa naye amefika. Wamempiga mtoto picha ya kifua."

"Na?"

"Ni ileile yako, dada."

Akavua koti lake akanivika, ingawa hapakuwa na baridi.

Baada ya miezi miwili makohozi yangu yalikuwa safi, vidonge vikapunguzwa. Magoti yakaacha kuuma. Mvua za vuli zilipoanza nilikuwa nakula mpaka mama akalalamika, na hakuna lalamiko lililowahi kunifurahisha kama hilo. Kahawa ilipokwisha uwanjani nilipanda ubao, polepole, nikazunguka mara moja nikashuka nimeridhika. Sauti peke yake haikurudi yote. Ilirudi nzito, yenye mchanga, na kwenye kwaya sasa nasimama karibu na wanaume. Naimba vizuri hata hapo, usinionee huruma.

Wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, watu wakiwa wamejaa furaha na vikaango, mama wa mapacha alikuja Kamuli kuniuliza nafungua lini. Yeye ndiye aliyekuwa amefunga mlango siku nilipozunguka nyumba kwa nyumba. Nilifungua tena Nkwenda, chumba kimoja badala ya viwili, madirisha makubwa, diploma ukutani. Nilihitaji vikombe vya watoto. Ningeweza kununua popote. Nilikwenda kwa Zulfa saa ambayo duka limejaa, ili watu wamwone ananiuzia na mimi nanunua.

"Karibu, mteja," alisema.

"Shamim anaendeleaje?"

"Anameza dawa."

"Na wewe?"

"Nauza, kama unavyoona."

Alifunga kila kikombe kwa gazeti, taratibu, bila kuruka hata kimoja, kama anavyomfungia mtu yeyote. Nilikuwa nimekwenda nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa na majibu ya matusi. Alinipa mfuko, akamgeukia mtu aliyefuata.

Desemba nikaambiwa nimepona. Sista alinishika mkono mbele ya watu wote wa benchi. Januari nilimsindikiza binti mmoja wa Kamuli aliyekuwa anaanza dawa, maana nimejipa kazi hiyo, hakuna aliyenituma. Tulikuwa tumekaa chini ya bati nilipomwona Zulfa anaingia na mtoto aliyevaa ushungi mdogo mweupe. Alikuwa amekuja kumaliza dawa za Shamim. Macho yake yalikutana na yangu, akayapitisha, akaenda dirishani. Mtoto alibaki amesimama karibu na benchi letu, amerefuka, mashavu yamejaa.

Nilishusha barakoa. "Shamim."

Aligeuka akanitazama usoni. Nywele zangu zilikuwa fupi, na sauti ile nzito hakuwahi kuisikia ikimwita. Nilisubiri.

"Shikamoo," alisema, kwa adabu, neno likipita puani.

"Marahaba, mwanangu."

"Unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa. Nimepona."

"Na mimi nimepona," alisema. Kisha mama yake akamwita, akakimbia.

"Unamfahamu mtoto yule?" aliniuliza binti wa Kamuli.

Nilimnyamazisha kwa mkono. Walikuwa wanavuka ua wa hospitali, wenye vumbi na moshi wa jikoni kwa wanaouguza, mahali ambapo mtu mwenye kifua kibovu lazima akohoe. Nilisikiliza mpaka walipotoka getini. Hakukohoa hata mara moja.